Somo Lisipwelewe: Majibu kwa Walimu wa Lamu na Malindi

Barua za walimu zimetujia kwa wingi safari hii, kutoka visiwa vya Lamu na kutoka Malindi mpaka Magarini. Karibu zote zina kilio kimoja: mwalimu ameandaa, ameandika, ameingia darasani na chaki mkononi, na bado kipindi kimempwelewa katikati kama mashua iliyosahau maji yanatoka. Tumechukua barua nane. Msimamo wetu tunautoa mapema, kwa kuwa utarudi tena na tena humu: somo huandaliwa kuanzia dakika zake za mwisho, kisha mwalimu anarudi nyuma kutafuta njia ya kufika pale.

Assalaam aleykum. Nafundisha Gredi ya 5 mjini Amu. Kila usiku naandika andalio la somo kurasa mbili au tatu, mpaka saa tano. Kesho yake sijafika hatua ya tatu kengele inalia. Nipunguze nini?

Waalaykum salaam, mwalimu. Kabla ya kupunguza, geuza mpangilio wa kazi yako ya usiku. Walimu wengi hujaza fomu kutoka juu kushuka chini: mada, mada ndogo, matokeo maalum, swali dadisi, nyenzo, utangulizi, hatua, hitimisho, tathmini. Wakifika kwenye tathmini wamechoka, basi huandika "maswali ya mdomo" na kulala. Hapo ndipo somo linapoharibika, kwa sababu sehemu iliyopewa nguvu kidogo kuliko zote ndiyo inayokuambia kama watoto wamejifunza.

Wewe anzia hapo. Chukua kipande cha karatasi, uandike swali moja au kazi moja ndogo ambayo kila mtoto ataifanya peke yake katika dakika 5 za mwisho. Iandike kwa maneno yale yale utakayoyatumia darasani. Kisha ifanye wewe mwenyewe ukiangalia saa. Ikikuchukua dakika 2, mtoto wa Gredi ya 5 mhesabie 6, kwa hiyo ni ndefu mno na uipunguze. Ukishakuwa na kazi hiyo, matokeo maalum yanajiandika yenyewe: ni ile kazi, imewekwa katika sentensi moja.

Hapo utagundua kwa nini neno "kuelewa" halifai kwenye matokeo. "Mwanafunzi aelewe uvukizaji" haina mwisho. Huwezi kuona kuelewa kwa macho. "Mwanafunzi aeleze kwa sentensi mbili kwa nini chumvi hubaki maji ya bahari yanapokauka" inaonekana, inasomeka, inasahihishika. Tumia vitenzi vinavyoacha alama: kuchora, kupanga, kulinganisha, kupima, kueleza, kukokotoa, kusoma kwa sauti.

Jambo la pili ni makosa. Andika makosa mawili unayotarajia watoto wayafanye katika kazi ile, na mbele ya kila kosa uandike utakalofanya likitokea. Mwalimu asiyeyatarajia makosa hukutana nayo dakika ya 25 na hulazimika kubuni maelezo mapya amesimama. Dakika zako zinakwenda hapo.

Jambo la tatu ni maswali. Usiandike "mwalimu aulize maswali kuhusu mimea." Andika maswali yenyewe, manne au matano, neno kwa neno. Swali linalobuniwa papo hapo huwa la ndiyo au la, au la kumalizia neno la mwalimu: "Mimea inahitaji mwanga wa ju…?" Darasa zima linaitikia "jua!" na hakuna aliyefikiri.

Sasa muda. Gredi ya 4 hadi 6 kipindi ni dakika 35. Madarasa ya chini ni 30, sekondari ya msingi ni 40. Dakika 35 tunazigawa hivi: 4 za kukumbusha somo lililopita, 8 za kuonyesha, 8 za kufanya pamoja, 10 za watoto kufanya peke yao, 5 za swali la mwisho. Ukitazama utaona sauti yako inatawala dakika 12 tu. Anayefika hatua ya tatu kengele ikalia kwa kawaida amezungumza dakika 20 bila kujua. Mpe mtoto mmoja wa mbele saa ya mezani akuinulie mkono dakika ya 12.

Fomu ya kumpa mwalimu mkuu usiifanye adui. Ijaze baada ya hayo, kwa sentensi fupi. Ukurasa mmoja unatosha, na itakuchukua robo saa kwa kuwa mawazo tayari umeyamaliza.

Niko Malindi, darasa langu lina wanafunzi 70. Hayo mambo ya swali la mwisho nayasikia kila semina. Nitasahihisha karatasi 70 saa ngapi?

Hutazisahihisha. Utazipanga mafungu, na kupanga ni kazi nyepesi kuliko kusahihisha.

Kata karatasi ya A4 vipande 8. Karatasi 9 zinakupa vipande 72. Mtoto anaandika jina na jibu moja. Wakitoka wanaviacha kwenye boksi mlangoni. Wewe keti na meza tupu, usishike kalamu nyekundu. Fungu la kwanza ni waliopata. La pili ni waliofanya lile kosa ulilotarajia. La tatu ni waliokosa kwa njia nyingine au walioacha wazi. Kipande kimoja kinahitaji jicho la sekunde chache, kwa hiyo vyote 70 vinaisha ndani ya dakika 10 hadi 12. Hesabu mafungu, andika namba tatu kwenye sehemu ya tafakari ya andalio lako, mfano 41, 22, 7.

Namba hizo ndizo zinazoandika utangulizi wa kesho. Fungu la pili likiwa kubwa, dakika 4 za kukumbusha hazitatosha. Toa 10, uanze na lile kosa ubaoni, bila jina la mtoto. Fungu la tatu likiwa na watoto 7, usilisimamishe darasa zima kwa ajili yao: wakalishe karibu nawe wakati wenzao wanafanya kazi peke yao. Mtoto ambaye yumo fungu la tatu siku tatu mfululizo ana tatizo la nyuma zaidi ya somo hilo, pengine kusoma kwenyewe, na huyo anahitaji macho yako kabla hajazoea kunyamaza.

Katikati ya kipindi tumia vidole. Toa swali lenye majibu matatu, hesabu hadi tatu, kila mtoto aweke vidole vyake kifuani, kimoja, viwili au vitatu. Kifuani, wala si hewani, maana wakiinua juu wote watamtazama yule wanayemwona hodari na kufuata vidole vyake.

Gredi ya 6, Faza. Kila mwaka watoto wananiambia 1/2 + 1/3 = 2/5. Nawaonyesha njia sahihi, wanaifuata siku ile, wiki ikipita wamerudi kule kule. Niandae vipi somo hili?

Swali hili limetufurahisha, kwa kuwa linaonyesha kitu ambacho andalio zuri huwa nacho na la kawaida hukosa: sababu ya kosa.

Mtoto anayeandika 2/5 hakubahatisha. Ameona namba mbili juu, mbili chini, akajumlisha zinazofanana. Tena kuna mahali ambapo hesabu yake ni sahihi kabisa. Mchezaji akipiga penalti 2 akafunga 1, kisha akapiga 3 akafunga 1, amefunga 2 kati ya 5. Ukimwambia mtoto kwamba kujumlisha hivyo ni upuuzi, anajua moyoni kuwa si upuuzi, na ndiyo maana wiki ikipita anarudi kule. Unachotakiwa kumwonyesha ni kwamba kwenye penalti vitu vyenyewe vimeongezeka, kutoka 2 na 3 hadi 5, lakini kwenye nusu na thuluthi tunakata kitu kimoja kile kile. Sasa umpe hicho kitu kimoja akishike.

Andaa vipande vya karatasi vyenye urefu wa sentimita 24 na upana wa 3. A4 moja inatoa vipande 7. Watoto 42 wakikaa wawiliwawili ni jozi 21, kila jozi vipande 3, jumla 63, yaani karatasi 9. Karatasi za kalenda ya zamani au za mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri zinafaa sawasawa. Tumechagua 24 kwa makusudi, maana inagawika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12. Ukichagua 25 au 30 nusu ya somo itaishia kwenye desimali.

Kipande cha kwanza kinabaki kizima mezani, hakikatwi mpaka kipindi kiishe. Hiki ndicho "kitu kimoja". Cha pili wanakikunja katikati na kukata: nusu, sentimita 12. Cha tatu wanapima kwa rula, wanatia alama kwenye 8 na 16, wanakata: thuluthi, sentimita 8. Usiwaache wakunje mara tatu kwa kukadiria; mikunjo ya tatu haiji sawa na mtoto atapata 7 au 9, halafu jibu lote linakwenda mrama.

Kabla hawajaunganisha, waulize: "Nusu na thuluthi zikiwekwa pamoja zitakuwa ndefu kuliko nusu peke yake, au fupi?" Kila mtoto ajibu kwa vidole. Karibu wote watasema ndefu. Liandike ubaoni. Sasa wapange nusu na thuluthi zikifuatana juu ya kile kizima. Zinafika sentimita 20. Halafu leta lile jibu lao: 2/5 ya kipande hiki ni sentimita ngapi? 24 gawa kwa 5 ni 4.8, mara mbili ni 9.6. Wapime 9.6 kwenye kipande kizima, watie alama. Ni fupi kuliko nusu ya 12 waliyoishika mkononi. Nyamaza kidogo hapo. Usieleze. Mtoto anayeona kwa macho yake kwamba ameongeza kitu na kikapungua atauliza mwenyewe, na swali lake litamkaa kuliko maelezo yako.

Ndipo uulize: ni kipande gani kidogo kinachoweza kupima nusu bila kubaki, na pia kupima thuluthi bila kubaki? Watajaribu sentimita 3, itakataa kwenye 8. Watajaribu 4: mara tatu kwenye 12, mara mbili kwenye 8. Kipande cha 4 ni moja ya sita ya kizima. Basi nusu ni 3/6, thuluthi ni 2/6, jumla ni 5/6, na 5 mara 4 ni zile zile 20. Sasa ndipo uandike njia ya ubaoni, ikiwa imeshashikwa kwa mkono.

Mazoezi ya peke yao siku hiyo yawe 1/4 + 1/3 (sentimita 14, yaani 7/12) na 1/6 + 1/4 (sentimita 10, yaani 5/12). Usiweke moja ya tano siku ya kwanza. Swali la mwisho tunalopendekeza ni hili: "Asha amesema 1/2 + 1/4 = 2/6. Bila kukokotoa, mwonyeshe kwa nini haiwezekani." Atakayeandika kwamba 2/6 ni ndogo kuliko nusu amefika.

Na Faza msisahau hazina mliyo nayo. Kiswahili kina nusu, thuluthi, robo, sudusi na thumuni, na watoto wakubwa kidogo wanazisikia chuoni, yaani madrasa, katika mafunzo ya mirathi. Mtoto ambaye kwake sudusi ni fungu la mtu halisi hababaishwi na 1/6.

Ninafundisha shule ndogo katika kisiwa kimoja cha Lamu Mashariki. Gredi ya 3 na ya 4 nazifundisha chumba kimoja kwa wakati mmoja. Nikigeukia hawa, wale wanapiga kelele.

Kelele huanza kazi ya kimya inapoisha au isipoeleweka. Kwa hiyo maandalizi yako makubwa si yale utakayoyasema. Ni kazi watakayoachiwa wale ambao huzungumzi nao.

Gawa ubao kwa mstari wa chaki, kila gredi upande wake, na watoto wakae wakiutazama upande wao. Maagizo ya kazi ya kimya yawe yameandikwa kabla ya kengele. Kazi iwe na ngazi tatu: ya kwanza rahisi kiasi kwamba mtoto dhaifu kuliko wote anaianza bila kuuliza, ya pili ndiyo somo, ya tatu ni akiba ya waliomaliza. Bila ngazi ya kwanza watoto watano watakufuata na maswali dakika ile ile. Bila ya tatu, hodari wako ndio watakaoanza vurugu.

Gredi ya 4 waanze peke yao kwa dakika 10 na marudio ya jana, nawe uwafundishe Gredi ya 3. Kisha badilisha: Gredi ya 3 wafanye mazoezi ya ulichowafundisha, nawe uende Gredi ya 4 dakika 12. Dakika 8 zinazofuata zunguka makundi yote mawili, ukianza na waliokaa kimya mno. Ukiwa na kundi moja, mwanafunzi wa kundi jingine asiruhusiwe kuja kwako. Aende kwa kiongozi wa meza mwenye kadi ya majibu. Kiongozi abadilike kila wiki, la sivyo mtoto mmoja anageuka mwalimu msaidizi na masomo yake yanadorora.

Somo la Kiswahili linaweza kuunganishwa, na hilo litakupumzisha. Picha moja ya jahazi linalopakua makuti inatosha gredi zote mbili: wa 3 waandike sentensi tano, wa 4 waandike aya yenye viunganishi vitatu ulivyovitaja. Hisabati usiiunganishe ovyo, kwa sababu ngazi zake zinategemeana.

Mimi ni mwalimu kutoka bara, nafundisha Kiswahili Lamu. Watoto wanaandika "mato", "ndia", "zitu", "moya". Nikikata alama, daftari zima linakuwa jekundu. Niwakataze?

Usiwakataze, mwalimu, na tunakuomba usiwacheke wala usiruhusu wenzao wawacheke. Wanaandika Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu, na Kiamu kina kanuni zake na tenzi zake za kale. Mtoto anayeambiwa kwamba lugha ya mama yake ni makosa hufunga mdomo darasani, na mwalimu wa Kiswahili asiyesikia sauti ya mtoto hana pa kuanzia.

Zaidi ya hapo, makosa hayo ni ya mpangilio, na kosa lenye mpangilio hufundishika haraka. Kata maneno kumi kutoka madaftari yao wenyewe, uyaandike kwenye kadi. Watoto wayapange safu mbili, Kiamu upande huu na Kiswahili sanifu upande ule: mato na macho, nti na nchi, ndia na njia, ndoo na njoo, zitu na vitu, moya na moja, yana na jana. Waache wao wagundue: t imekuwa ch, nd imekuwa nj, z imekuwa v, y imekuwa j. Watakachogundua wenyewe hawatakisahau.

Kipindi cha pili kiandae kwa hatari inayofuata, maana mtoto akishashika kanuni huizidisha. Atageuza "tatu" kuwa "chatu" na "mti" kuwa "mchi", na hayo ni maneno mengine kabisa, nyoka na kifaa cha kutwangia. Wape orodha ya maneno yasiyobadilika kama mtoto, mti, tatu, tano, na wayachanganye na yale yanayobadilika.

Katika insha, kosa lile lile likirudiwa mara sita ulihesabu mara moja, uandike pembeni "t/ch" na uendelee. Na mhusika katika masimulizi akizungumza Kiamu ndani ya alama za mtajo, mwache azungumze. Hapo mtoto ameonyesha kwamba anajua tofauti.

Shule yetu ya Magarini haina maabara. Sayansi naifundisha kwa chaki tu.

Mnaishi jirani na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Uvukizaji mko nao mlangoni.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Mililita 100, yaani chini kidogo ya nusu ya kikombe cha chai, itaacha kama gramu 3.5, nusu kijiko cha chai na zaidi kidogo. Mimina mililita 100 kwenye sinia pana la bati, na mililita 100 nyingine kwenye gilasi nyembamba. Viweke juani mahali pamoja, mbali na kuku. Sinia litakauka mapema sana. Gilasi utaingoja siku nyingi, kwa kuwa maji huondoka kupitia uso wake na uso wa gilasi ni mdogo. Watoto wametengeneza swali la pili bila kuambiwa: kwa nini mashamba ya chumvi ni mapana na si ya kina?

Makosa ya maandalizi hapa ni mawili. Moja, mwalimu anamimina maji asubuhi ya kipindi na hakuna cha kuonyesha; sinia litoke siku moja au mbili kabla, na la pili limiminwe mbele ya watoto. Pili, maji ya karibu na mdomo wa Mto Sabaki yamechanganyika na ya mto na matope, chumvi inakuwa kidogo na chafu. Chota mbali na hapo, uchuje kwa kitambaa cheupe. Chumvi hiyo isilambwe.

Nataka kuwapeleka wanafunzi wa Gredi ya 8 magofu ya Gede. Mwaka jana walirudi na picha tu.

Gede iko kilomita kama 16 kusini ya Malindi, basi usafiri si tabu. Tabu ni kazi watakayoifanya wakifika. Wape kazi tatu, wala si kumi, na wazijue siku mbili kabla. Makundi ya watu 6, mmoja anapima, mmoja anachora, mmoja anaandika, wakibadilishana kila kituo.

Kituo cha kwanza kiwe msikiti mkuu na kisima chake: wachore ramani ndogo kuonyesha maji yalipo na njia ya mtu kutoka kisimani kuingia kuswali. Cha pili, nyumba zilizopewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa humo, kwa mfano mkasi na taa ya chuma. Mchimbuzi James Kirkman alifanya kazi hapo kuanzia 1948 hadi 1958. Waulize kitu kimoja kinatuambia nini kuhusu mwenye nyumba, na hakiwezi kutuambia nini. Nusu ya pili ya swali ndiyo historia yenyewe.

Kituo cha tatu ni kaburi lenye tarehe, mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Hapa kuna hesabu tamu. Watoto wengi watajumlisha 622, mwaka wa Miladia ambao Hijria inaanzia, na 802 wapate 1424, wakakosea kwa miaka 25. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama 11. Zidisha 11 kwa 802, ugawe kwa 365, unapata miaka kama 24, na pengo karibu lote limezibika. Hesabu hiyo ifanyike darasani siku ya pili, si pale kaburini, ambako watachoka na kutafuta kivuli.

Maji lita moja kwa kila mtoto, na chakula ndani ya mkoba uliofungwa, kwa kuwa kima wa Gede ni wepesi wa mkono.

Maazimio yangu ya kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula, yanasema wiki ya 8, mimi niko ya 5. Nifundishe haraka zaidi?

Hapana. Orodhesha mada ndogo zilizobaki na utie alama tatu kwa penseli: ile inayobeba mada ya mbele, ile inayoweza kuunganishwa na jirani yake, na ile ambayo mtoto anaweza kuisoma nyumbani kwa kazi ya ukurasa mmoja. Ya kwanza ipe vipindi vyake vyote. Ya pili unganisha. Ya tatu igawe leo hii, usingoje wiki ya 11.

Muhula ujao usipange kila kipindi. Somo lenye vipindi 5 kwa wiki kwa wiki 12 lina vipindi 60, panga 50. Kumi zitaliwa na michezo, mitihani, mvua ya masika inayovuja darasani, na kwa Lamu siku za Maulidi, ambazo kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11 kwenye kalenda ya shule, kwa hiyo maazimio ya mwaka jana hayanakiliwi. Zisizoliwa zitumie kwa watoto wa lile fungu la tatu.